Umeme wa Jua Katika Zahanati ya Bondeni: Somo kwa Tindiga na Vijiji vya Kilosa

Tindiga ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Imelala kwenye nyanda za chini ambako maji yanayoteremka kutoka milimani hupunguza mwendo, hutanda na kutuama. Ardhi hiyo huwapa wakulima mpunga na mahindi, na wafugaji malisho ya kiangazi. Ardhi hiyo hiyo hufunga njia masika yanaposhika. Wakazi wa Kilosa hawajasahau Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa ulipofurika, ukaharibu reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Katika mazingira kama haya zahanati haiwezi kuhesabiwa kuwa kituo cha kupitia tu mgonjwa aelekeapo hospitali ya wilaya. Zipo siku katika mwaka ambapo zahanati ndiyo hospitali, na muuguzi wa zamu ndiye daktari.

Somo hili linahusu nishati ya siku hizo, na zaidi ya usiku wake. Limeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, lakini wagonjwa na wajumbe wa kamati za vituo nao watakuta humu mambo yanayowahusu, kwa kuwa paneli iliyo juu ya paa la zahanati ni mali yao.

Maswali manne ya usiku wa manane

Uchungu unaoanza wenyewe haufuati saa za kazi. Vizazi vingi vya kawaida hutokea kati ya usiku wa manane na alfajiri. Achukuliwe mama aliyejifungua saa nane za usiku: mtoto amelia, kondo limetoka, lakini damu haikatiki. Mkunga ana maswali manne ya kujibu katika dakika chache. Je, mfuko wa uzazi umejikaza? Je, kondo limetoka lote, au kipande kimebaki ndani? Je, kuna mchaniko kwenye mlango wa kizazi, ukeni au kwenye msamba? Je, damu inayotoka inaganda? Swali la kwanza hujibiwa kwa kiganja kilichowekwa juu ya tumbo, hata gizani. Matatu yaliyobaki yanahitaji macho, na macho hayana kazi pasipo mwanga.

Pasipo umeme, mkunga huibana simu kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru, au humwomba ndugu wa mzazi ashike tochi. Ndugu huyo hajawahi kuona damu nyingi kiasi hicho. Mkono unamtetemeka, mwanga unahama, uzi wa kushonea unapotea. Kibatari ni kibaya zaidi. Hutoa moshi katika chumba cha mtoto mchanga, na ni hatari ya moto karibu na spiriti.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wanawake waliojifungua kwa njia ya kawaida walitandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za kupimia damu, na waliovuka kiwango walipewa tiba zote za awali kwa mkupuo mmoja badala ya moja baada ya nyingine. Kutokwa damu kwa kiwango cha hatari, upasuaji wa tumbo kwa ajili ya damu, na vifo vitokanavyo na damu, kwa pamoja vilipungua kwa asilimia 60. Ni mbinu rahisi, isiyohitaji mtambo wowote. Lakini alama zile ni mistari iliyochorwa kwenye plastiki, na mstari husomwa kwa mwanga.

Rangi ya mwanga nayo ina maana ya kitabibu, jambo ambalo mafundi wa umeme hawaambiwi. Mtoto aliyekosa hewa hubadilika rangi midomoni na ulimini. Mtoto mwenye manjano hubadilika ngozi na weupe wa macho. Chini ya taa ya manjano, manjano ya mtoto hufichika. Chini ya taa yenye ubluu mwingi, mtoto mzima huonekana kama mgonjwa. Kwa hiyo taa za chumba cha kujifungulia na cha watoto wachanga ziwe nyeupe, zenye kuonyesha rangi halisi ya ngozi. Taa za rangi zinazopendeza sebuleni zibaki huko.

Haja hii imekua kwa sababu ya mafanikio. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya wazazi nchini walijifungulia katika vituo vya kutolea huduma. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 81. Katika kipindi hicho makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Mama amehimizwa kwa miaka mingi aache kuzalia nyumbani, naye ameitikia. Anapofika akakuta giza lile lile aliloliacha nyumbani, ana haki ya kuuliza alichoitiwa.

Tatizo si la Tanzania peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na washirika wake ya Januari 2023 ilikadiria kuwa watu wapatao bilioni moja katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini huhudumiwa na vituo visivyo na umeme kabisa au vyenye umeme usiotabirika. Daktari wa uzazi kutoka Marekani, Laura Stachel, aliyashuhudia hayo mwaka 2008 katika hospitali moja ya kaskazini mwa Nigeria. Yeye na mumewe, Hal Aronson, aliyekuwa mwalimu wa masuala ya umeme wa jua, walitengeneza sanduku dogo lenye vidhibiti, betri na taa za kutundika ukutani. Masanduku ya aina hiyo sasa yamesambaa katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo.

Jokofu lisilotaka betri

Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kwa miongo mingi zahanati zisizo na umeme zilitegemea majokofu ya mafuta ya taa au gesi. Kila mhudumu wa zamani anakumbuka utambi uliotoa masizi, mwali uliozimika usiku, na mtungi wa gesi uliokwisha wakati gari la wilaya limekwama njiani. Baadaye yakaja majokofu ya sola yenye betri, ambayo kwa kawaida betri ilikufa kabla ya jokofu.

Majokofu ya kisasa yanayoendeshwa na jua moja kwa moja yameondoa kiungo hicho dhaifu. Paneli huendesha kompresa mchana, na kompresa hugandisha maji yaliyo katika kuta za jokofu. Usiku na siku za mawingu barafu hiyo ndiyo inayotunza ubaridi. Jokofu la aina hii lililoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani lazima liweze kushikilia joto sahihi kwa siku tatu bila jua la kutosha. Kwa Tindiga wakati wa masika, siku tatu hizo si anasa.

Wahudumu wengi huogopa joto na kusahau baridi. Chanjo ya pentavalenti, ya pepopunda, ya homa ya ini B, ya nimonia, ya saratani ya mlango wa kizazi na ile ya polio ya sindano huharibika zikiganda, na baada ya kuyeyuka huweza kuonekana kama hazikuguswa. Alama ya kichupa, ile inayobadilika rangi, hupima joto lililopita kiasi tu. Haisemi lolote kuhusu kuganda. Ndiyo maana kifaa cha kurekodi joto kwa siku 30 kinahitajika ndani ya jokofu, na ndiyo maana kinatakiwa kusomwa asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kifaa hicho hupiga kengele joto likishuka chini ya nusu nyuzi hasi kwa saa moja, au likizidi nyuzi 8 kwa saa kumi. Kengele isiyosomwa ni sawa na kutokuwapo.

Katika jokofu hilo hilo kuna nafasi ya dawa moja ambayo mara nyingi huachwa kwenye trei ya chumba cha uzazi: oksitosini. Sindano hii, uniti 10 kwenye msuli mara mtoto azaliwapo, ndiyo kinga kuu ya kutokwa damu, na nguvu yake hupungua ikikaa katika joto la bondeni kwa wiki na miezi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamekwisha kuruhusu oksitosini itunzwe katika jokofu la chanjo, mradi iwe kwenye kisanduku chake chenye maandishi ya kuitofautisha. Zahanati ambayo wahudumu wake wa chanjo na wakunga hawazungumzi juu ya rafu za jokofu yaweza kuwa na chanjo bora na oksitosini iliyochoka chini ya paa moja.

Paneli za jokofu ziachwe kwa jokofu. Kuunganisha simu au redio kwenye waya wake ni kuiba ubaridi wa watoto, isipokuwa pale mtengenezaji mwenyewe ameweka kifaa maalumu cha kutoa umeme wa ziada.

Hesabu ya paa moja

Mfumo mwingi wa sola hufa kwa sababu haukupigiwa hesabu. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Ifuatayo ni ya zahanati ya kubuni, ukubwa wa zahanati ya kijiji, na jokofu la chanjo halimo kwa sababu lina paneli zake.

Taa mbili za wati 10 katika chumba cha kujifungulia, zikiwaka saa 12, hutumia watisaa 240. Taa sita za wati 7 katika vyumba vingine kwa saa 5 ni watisaa 210. Taa ya nje ya wati 10, saa 11, ni 110. Kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa 6 ni 300. Hadubini ya wati 20 kwa saa 5 ni 100. Mashine ya kufyonza ute ya wati 100 kwa nusu saa ni 50. Simu za kituo na vifaa vidogo ni 60. Jumla ni watisaa 1,070 kwa siku.

Si umeme wote wa paneli unaofika kwenye taa. Vumbi, joto, waya, betri na inveta hula sehemu yake, hivyo 1,070 hugawanywa kwa 0.7, na kupata takribani 1,530. Tanzania hupokea kwa siku nguvu ya jua ya kilowatisaa 4 hadi 7 kwa kila mita ya mraba, lakini mpimaji mwaminifu huchukua mwezi mbaya kuliko yote, wenye jua kali la saa 4. Akigawanya 1,530 kwa 4 anapata wati 382. Paneli za wati 400 zinatosha. Anayepiga hesabu kwa jua la Septemba atakaa gizani Aprili.

Betri ipewe uwezo wa siku mbili zisizo na jua: watisaa 2,140. Betri za risasi na asidi zisitumiwe kupita nusu ya uwezo wake, kwa hiyo zinunuliwe za watisaa 4,280, yaani takribani ampeasaa 180 katika mfumo wa volti 24. Betri za lithiamu hustahimili kutumiwa hadi asilimia 80, kwa hiyo watisaa 2,675 zitatosha. Bei yake ya mwanzo ni kubwa, umri wake ni mrefu zaidi.

Sasa iongezwe mashine moja tu ya kuzalisha oksijeni, ya wati 350, ifanye kazi usiku na mchana. Ni watisaa 8,400 kwa siku, karibu mara nane ya matumizi mengine yote ya zahanati. Hapo ndipo panapoonekana kwa nini mashine ya oksijeni iliyotolewa kama zawadi, bila mtu kuuliza juu ya paa, huzima taa za wodi usiku wa kwanza. Jiko la umeme la kutakasia vifaa lina hila hiyo hiyo. Gesi hulifaa zaidi.

Haimaanishi kwamba oksijeni ya jua haiwezekani. Uganda imethibitisha kinyume chake. Watafiti walianzia Jinja, kisha wakaupeleka mfumo huo katika hospitali 20, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la The Lancet yalionyesha kuwa vifo vya watoto waliopungukiwa oksijeni, ndani ya saa 48 tangu kulazwa, vilipungua kwa karibu nusu. Mfumo ule ulijengwa kwa ajili ya oksijeni tangu mwanzo, ukiwa na paneli na betri za ukubwa huo. Kwa kata kama Tindiga mahali pake ni kituo cha afya. Zahanati ianze na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kinachotumia umeme mdogo mno, ili imtambue mapema mtoto wa kupewa rufaa.

Betri ni mgonjwa wa kudumu

Paneli huishi miaka 20 na zaidi. Betri ya risasi katika mazingira ya vijijini huishi mitatu hadi mitano, na chini ya hapo ikinyanyaswa. Joto ndilo adui wake wa kwanza: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wake kwa nusu. Kuifungia betri ndani ya kabati la chuma lililo juani, kwa hofu ya wezi, ni kuilinda na mwizi mmoja na kuikabidhi kwa mwingine. Ikae chumba chenye kivuli na hewa, juu ya rafu imara, mbali na sakafu inayoweza kufikiwa na maji. Aliyeishi Kilosa mwaka 2010 hahitaji kuelezwa sababu.

Paneli nazo zina kosa lake la kawaida. Kilosa iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo paneli huelekezwa kaskazini, kwa mwinamo usiopungua nyuzi 10 ili mvua ishuke na vumbi. Fundi aliyejifunza kwa michoro ya Ulaya atataka kuzielekeza kusini. Azuiwe kwa adabu. Mwembe uliopandwa kando ya zahanati ulipokuwa mche, baada ya miaka sita ni kivuli, na kivuli cha tawi moja juu ya paneli hupunguza umeme kuliko mtu anavyodhani.

Yaliyobaki ni ya kibinadamu. Televisheni huletwa kwa ajili ya elimu ya afya, kisha mpira. Pasi huchomekwa. Simu za kijiji kizima huja kuchajiwa, na mhudumu mwenye huruma hawezi kumkatalia jirani. Wapo wanaosema kituo kitoze ada ndogo na fedha zinunue betri mpya. Wazo hilo lina mantiki, lakini pale tu ambapo kuna paneli na betri ya pekee kwa kazi hiyo. Simu na chumba cha kujifungulia vikichangia betri moja, simu hushinda, kwa sababu simu huja kila siku na kutokwa damu huja mara chache.

Mkoani Kigoma, chini ya mpango wa maendeleo uliofadhiliwa na serikali ya Marekani kati ya 2008 na 2013, zahanati na vituo vya afya zaidi ya 100 vilifungiwa mifumo ya sola, baada ya mradi wa bwawa la umeme la mto Malagarasi kuachwa kwa sababu za mazingira. Kufunga ndiyo sehemu rahisi. Ugumu wa mradi wowote wa aina hiyo huanza mwaka wa nne, wafadhili wakiwa wamekwisha kuondoka na betri ikiwa imefika mwisho wa umri wake. Hapo swali si la uhandisi bali la bajeti. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya msingi nchini hupokea fedha moja kwa moja katika akaunti zake, na mpango wa mwaka wa kituo hupitishwa na kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Kamati inayoweka akiba ya betri kila robo mwaka, kama inavyonunua glavu, haitashtuka siku betri itakapokufa. Betri bado huandikwa kama dharura katika mipango mingi, ilhali tarehe ya kufa kwake inajulikana karibu kama tarehe ya mwisho ya matumizi ya dawa.

Betri iliyokufa isiachwe uani wala kufunguliwa na watoto au mafundi wa mitaani. Risasi iliyomo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Irejeshwe kwa muuzaji wakati wa kununua mpya.

Nguzo zikifika

Gridi ya taifa inasambaa vijijini kwa kasi kubwa tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, na pengine msomaji anajiuliza kama sola si jambo lililopitwa na wakati. Nguzo kupita barabarani si sawa na waya kuingia chumba cha uzazi. Hata waya ukiingia, mwishoni mwa 2023 nchi nzima ilikuwa katika mgao wa umeme, na upepo wa masika hukata laini ndefu za bondeni bila kuuliza zamu ya nani. Kituo chenye gridi kisiuze paneli zake. Inveta mseto huchaji betri kutoka chanzo chochote kilichopo na kukabidhi mzigo kwa betri umeme ukatikapo. Taa ya mkunga haipepesi.

Mama mjamzito anayehudhuria kliniki anaweza kuuliza wazi kama zahanati ina mwanga wa usiku. Swali hilo si utovu wa adabu, na jibu lake liingie katika mpango wake wa kujifungua pamoja na usafiri na mtu wa kumchangia damu. Kama jibu ni hapana, aandae tochi yenye betri mpya na kusogea mapema karibu na kituo cha afya, hasa ikiwa siku zake zinaangukia Machi hadi Mei.

Kwa mganga mfawidhi, kazi za Februari, kabla njia hazijafunga, huchukua asubuhi moja: kupanda na kufuta paneli kwa maji na kitambaa laini, kukata tawi linalotia kivuli, kukaza na kusafisha vichwa vya betri vilivyoota ukungu mweupe, kuongeza maji yaliyotoneshwa katika betri za wazi, kuandika volti ya betri alfajiri kabla jua halijachomoza, na kuiacha taa ya chumba cha kujifungulia iwake usiku kucha ili ionekane kama itafika asubuhi.